Mizizi Iliyolowekwa Usiku

Mjukuu wangu, ninyi mliokulia kwenye dawa mseto hamkuijua klorokwini. Ilikuwa vidonge vyeupe, vichungu kiasi kwamba ukivichelewesha kinywani uchungu wake ulikukaa kooni mpaka jioni. Mtu mzima alimeza kumi katika siku tatu: vinne kwa mpigo, viwili baada ya saa sita, kisha viwili siku ya pili na viwili siku ya tatu. Homa ilishuka, lakini wengi wetu tuliwashwa mwili mzima, kuanzia nyayo hadi utosini, kuwashwa kusikotulizwa na kucha. Nilimwona baba yangu, Mungu amrehemu, akijikuna mgongo kwa gunzi la mahindi usiku kucha, na asubuhi akaenda kazini bila homa. Hata hivyo tuliipenda. Zahanati za serikali ziliitoa bure, dukani iliuzwa kwa senti, na hakuna nyumba iliyokosa vidonge viwili vitatu vimefungwa kwenye karatasi juu ya kabati. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wakaanza kuripoti, Kenya na kwetu pia, kwamba vimelea vingine vya malaria havifi tena kwa klorokwini. Watu wa kawaida hawakusoma ripoti hizo. Wao waliona tu kwamba mtoto amemaliza dozi, amecheza wiki mbili, na homa imerudi pale pale.

Nakueleza haya ili ujue tulikuwa wapi nilipoingia kwenye kazi ya kupima mitishamba. Mwaka 1974 pale Muhimbili, ambapo wakati huo palikuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili. Mimi nilikuja baadaye kidogo, kijana wa kidato cha nne, mwandiko mzuri na miguu ya kutembea, nikaajiriwa kubeba vibanio vya mimea na kuandika kwenye daftari alichosema mganga. Chumba tulichofanyia kazi kilikuwa na harufu yake ambayo hata leo nikiipata sokoni Kariakoo, kwa wauza mizizi, nasimama: udongo mkavu, magome, spiriti, na kwa mbali mkojo wa panya. Mizizi ilitandazwa kivulini juu ya magunia, kwa maana jua kali huharibu vitu vingine ndani yake, na kila fungu lilikuwa na kadi yenye namba, mahali, tarehe na jina la mti kwa lugha ya pale ulipochimbwa. Kazi ya kugeuza mizizi ile ili isiote ukungu ilikuwa yangu, na nilijua kwa pua kabla ya kwa macho fungu lipi limeanza kuharibika.

Safari za vijijini ndizo zilizonilea. Tulikwenda Bagamoyo, Handeni, Korogwe, Muheza, na kusini tukavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, ambapo ungeweza kukaa nusu siku ukila mihogo ya kuchoma na dagaa wakavu ukisubiri zamu. Gari letu lilikuwa Land Rover iliyochoka, na mafuta yalikuwa ya mgawo. Tulipofika kijijini hatukwenda kwa mganga moja kwa moja. Tulianza kwa mwenyekiti, kisha balozi wa nyumba kumi, kisha tukaketi na kunywa chai ya rangi kwa sukari guru, na kungoja. Usidhani waganga wale walikuwa na kiburi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya Mwingereza, ilikuwa bado iko vitabuni, na wazee wengi walikumbuka baba zao wakichukuliwa na askari kwa sababu ya tunguri na mafungu ya mizizi. Gari la serikali likisimama mlangoni, mtu mwenye akili alikuwa na kila sababu ya kusema hajui mti hata mmoja. Ilitupasa turudi mara ya pili, wakati mwingine ya tatu, mikono mitupu, tuwasalimu tu na kuulizia hali ya mavuno, ndipo mlango ukafunguka.

Kule Handeni alikuwako mzee mmoja, mwembamba, mashavu yameingia ndani, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, aliyenifundisha namna ya kuchimba. Kabla ya jembe kugusa ardhi aliweka shinani sarafu ya shilingi moja, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Akasema maneno yake kwa sauti ya chini, kisha akachimba mzizi mmoja upande wa mawio na mmoja upande wa machweo, akafukia shimo na kulikanyaga. Mtaalamu wetu wa mimea alimuuliza kwa nini asichukue yote. Mzee akamtazama kwa muda, akajibu kwamba homa haikuanza mwaka huu wala haitaisha mwaka huu, na mti ukifa tutamtibu nani kwa kipi. Mti wenyewe ulikuwa mjafari. Shina lake lina vifundo vya miiba, majani ukiyafikicha yananukia limau, na gome la mzizi ukilitafuna linakuacha ulimi na ganzi. Mzee alipotoa maelezo alikuwa na mipaka iliyo wazi. Dawa yangu, alisema, ni ya homa inayokuja na kuondoka, ya baridi na kutetemeka na viungo kuuma. Mtoto akigeuza macho juu na kukakamaa, mimi simwezi. Nimekutana na wataalamu wenye vyeti ukutani waliokuwa wagumu zaidi ya yeye kutamka neno simwezi.

Lakini aliyenikaa moyoni ni bibi mmoja wa Muheza. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, amejifunga kaniki, na mikono yake ilinuka kitunguu saumu na majani mabichi. Alitibu homa kwa mchanganyiko wa mizizi miwili na jani moja, na alilipwa vile mtu alivyoweza: kuku, kibaba cha mchele, shilingi tano kwa mwenye nazo, na kwa mjane asante ilitosha. Alitoa mizizi, akaikata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, akafumba mkono na kusema: hiki ndicho kipimo. Kiongozi wetu, mwanamke mwangalifu sana, aliniambia niipime ile fumba ya mkono kwenye mizani, na akamwomba bibi afumbe tena na tena, nami nikaandika kila uzito. Uzito wa zote ulikaribiana mno, na nilishangaa mkono wa mtu unavyoweza kuwa mizani. Kisha bibi akachukua chungu kipya ambacho hakijaguswa na moto, akatia vipande, akamimina maji ya mtungini, akafunika kwa jani la mgomba na kukiweka uvunguni. Tangu magharibi hadi alfajiri, alisema. Akachuja, mgonjwa anywe kabla ya chakula, nusu kikombe cha chai, siku tatu. Nikamuuliza, nikiwa mwepesi wa kutaka kumaliza ukurasa, kama mtu mwenye haraka anaweza kuichemsha. Alinishika mkono ulioshika kalamu. Moto unaiua, akasema, andika hivyo, moto unaiua.

Niliandika. Na ukitazama daftari zile, kama bado zipo, utakuta karibu na kila mti wa homa maelezo ya namna hiyo: huu uchemshwe mpaka maji yawe mekundu, huu upondwe mbichi, huu majani yake yachumwe kabla ya jua kupanda, huu mwanamke mjamzito asiuguse. Wengi waliokuja baadaye kusoma daftari hizo walitafuta jina la mti tu. Waliyaona yale mengine kuwa mapambo ya imani. Mimi niliyekuwa naketi pale mkekani naamini, na nimeendelea kuamini miaka yote hii, kwamba mti ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni jinsi, wakati na kiasi, na hiyo nusu ya pili ndiyo tuliyoiacha vijijini.

Muheza ndiko njia ya kupanda Amani inakoanzia, na siku moja tulipanda. Barabara inazunguka msituni, baridi inaanza kuingia mashatini, na juu kabisa unakuta majengo ya zamani na bustani ya miti iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia. Wajerumani walianzisha kituo pale mwaka 1902, na miongoni mwa walivyopanda ulikuwa mti wa kwinini, unaotoka milima ya Amerika Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bahari na meli za dawa zisifike, gome la miti ile ndilo lililotoa kwinini ya askari wa kamanda wao von Lettow-Vorbeck, na porini walikunywa hata maji ya gome lililochemshwa, machungu kupita kiasi. Niligusa gome lile na kulionja. Kwa kijana kama mimi lilikuwa somo kubwa: dawa ya hospitali tuliyoiogopa kwa sindano yake, iliyovumisha masikio na kuwapa watu kizunguzungu, ilikuwa gome la mti, na wenye kujua mti huo wa kwanza walikuwa watu wa milimani huko, si watu wa maabara. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio walioitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome mwaka 1820. Tangu hapo daktari aliweza kupima kiasi badala ya kukisia, na hapo ndipo ninapoona faida ya maabara. Haikuugundua mti, ila iliupa kipimo.

Sasa nikueleze jinsi kipimo kilivyofanyika, maana watu hudhani ni kuangalia tu. Mzizi ukikauka ulisagwa, ukalowekwa kwenye vimiminika mbalimbali kimoja baada ya kingine, mafuta mepesi ya petroli ya maabara kwanza, kisha vingine mpaka methanoli, kwa sababu kila kimiminika huvuta vitu vyake. Kimiminika kilivukizwa, na chini ya chupa kikabaki kitu cheusi au cha kahawia, chenye kunata, wakati mwingine kijiko kimoja kutoka kilo nzima ya mizizi. Hiyo ndiyo dondoo. Dondoo ilipewa panya weupe wadogo walioambukizwa malaria ya panya. Vimelea hivyo, Plasmodium berghei, havikutoka Ulaya. Viligunduliwa Katanga mwaka 1948, na panya wa misitu ya huko ndio waliokuwa wenyeji wake. Panya walidungwa vimelea siku ya kwanza, wakapewa dawa siku nne mfululizo, kisha tukakata ncha ya mkia, tukapata tone la damu, tukalisambaza kwenye kioo na kulipaka rangi ya Giemsa, ile ya zambarau inayobaki vidoleni siku tatu hata ukioga kwa sabuni ya mche. Kundi moja lilipewa klorokwini, jingine maji matupu, na la tatu dondoo. Kisha ukaketi kwenye darubini, shingo inauma, ukihesabu chembe za damu zenye vimelea na zisizo navyo. Mara nyingi kundi la dondoo lilifanana na kundi la maji. Ilikuwa vigumu kuyaandika matokeo hayo nikikumbuka uso wa mtu aliyetupa mzizi, lakini yaliandikwa, na hiyo ndiyo heshima. Kumsifu mganga bila kumpima ni kumdharau kwa tabasamu.

Miaka ya mwanzo ya 1980 kazi ilikuwa ngumu. Unakumbuka mama yako akisimulia foleni za sabuni na sukari? Maabara nayo ilikuwa na foleni yake. Karatasi za kuchujia tulizikausha na kuzitumia tena. Mimea tuliibania kwenye magazeti ya Uhuru, na hata magazeti yenyewe yalipungua kurasa. Mwaka 1983, daladala zilipoanza Dar es Salaam kwa nauli ya shilingi tano, nilikuwa napima moyoni kama nipande au nitembee, na mara nyingi nilitembea. Fedha ya kuwalipa waganga nayo ilikuwa na kitendawili chake. Ofisi fulani ya uhasibu ilitaka risiti yenye mhuri kwa kila shilingi, na bibi wa Muheza hakuwa na mhuri, alikuwa na dole gumba. Karatasi yake ilirudishwa. Kiongozi wetu alitoa fedha mfukoni mwake, nami nikazipeleka.

Kwa kuwa vyombo vyetu vilikuwa vichache, dondoo nyingi zilitiwa kwenye vichupa vidogo na kupelekwa London, na baadaye Basel, ambako vimelea vya malaria ya binadamu vilikuzwa kwenye visahani. Jambo hilo liliwezekana tangu mwaka 1976, Trager na Jensen walipopata namna ya kukuza vimelea hivyo nje ya mwili. Nilikuja kuuona utaratibu wao kwa macho yangu nikastaajabu ulivyo wa kawaida: visahani vyenye damu ya watu wa kundi O vinaingizwa kwenye mtungi wa kioo, unawashwa mshumaa humo ndani, kifuniko kinaachwa na upenyo, na mshumaa unapokaribia kuzimika unafunga. Moto umekula hewa, imebaki kiasi kile kimelea kinachokitaka. Mwaka 1990 majibu ya mimea ya kwetu yalichapishwa kwenye jarida la Ujerumani, na miongoni mwa waandishi walikuwamo Mayunga Nkunya, mkemia, na Leonard Mwasumbi, yule bingwa wa mimea ambaye hakuna jani lililomshinda jina. Kati ya iliyoonesha nguvu dhidi ya vimelea, hata vile sugu vilivyotoka Thailand, ilikuwamo ndago. Ndiyo, ndago, jani baya linalomtoa machozi mkulima wa mpunga, linalong'olewa leo na kesho limeota. Viazi vyake vidogo vyenye harufu kali vilikuwa na kitu kinachoua vimelea. Miaka michache baadaye Waswisi na wenzetu walipima mimea mingine mingi zaidi, na mjafari wa mzee wa Handeni ukawa miongoni mwa iliyofanya vizuri. Nilitamani kumpelekea habari. Alikuwa amekwisha kufariki.

Hapa, mjukuu wangu, usinielewe vibaya, kwa kuwa wengi wakisikia habari hizi hukimbilia kusema dawa imepatikana, wazungu wameificha. Hapana. Kuua vimelea kwenye kisahani si kumponya mtoto. Mwarobaini umetuonesha hivyo. Ndani yake kuna kitu kiitwacho gedunini, kinaua vimelea vizuri kisahanini, lakini ukimpa panya kwa mdomo nguvu ile haionekani, kwa kuwa tumbo na ini vina kazi yao. Vitu vingine vinaua vimelea na vinaua chembe za mwili pia. Na visahani vile vilipimwa kwa dondoo ya methanoli na petroli, wala si kwa maji baridi ya chungu kipya. Swali la bibi, kama moto unaiua au hauiui, halikuwa na fungu la fedha. Hakuna aliyelipima.

Nililielewa uzito wa swali hilo baadaye sana, niliposoma habari za Tu Youyou wa China. Serikali yao ilianzisha mradi wa siri tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, kutafuta dawa ya malaria sugu. Yeye na wenzake walipitia maandishi ya tiba za kale zaidi ya 2,000, na mmea mmoja, pakanga ya Kichina, ulikuwa ukifanya kazi leo na kesho haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kwamba mzee yule hakuchemsha: aliloweka mmea kwenye maji, akakamua, mgonjwa akanywa. Tu akashuku kwamba moto ndio unaoharibu. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 ikafuta vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto unayopewa leo zahanatini, iliyoanza kutolewa kwetu mwishoni mwa 2006, imetoka humo. Nilipomaliza kusoma nililikumbuka neno la bibi, moto unaiua. Sisemi mizizi yake ilikuwa na hazina kama ile. Nasema hatukumuuliza mpaka mwisho, na China walimuuliza Ge Hong mpaka mwisho, ingawa alikuwa amekufa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Na sisemi haya kutetea kila kilichofanywa kwa jina la tiba ya asili. Nimeona mabaya pia. Miaka ile mtoto akishikwa na degedege, wazazi wengi wa pwani waliamini si malaria bali ni ndege au shetani, na kwamba akidungwa sindano atakufa. Wachunguzi walioandika habari za Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta watoto wakifukizwa kwa kinyesi cha tembo, au mama akimkojolea mwanawe, huku saa zinapita. Mtaani kwetu Temeke alikufa mtoto wa jirani namna hiyo, msichana wa miaka mitatu aliyekuwa akinipokea kikapu nikirudi kazini. Hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Tangu siku hiyo kila nilipokaa na waganga nilianza na neno la mzee wa Handeni, simwezi, na waganga wazuri walilipokea. Baadhi yao walikubali kuwa wa kwanza kumwambia mama akimbilie hospitali, na mama aliwasikiliza wao kuliko alivyotusikiliza sisi.

Mwezi Desemba 1999 watafiti wa nchi nyingi walikutana Moshi kuunda mtandao wa kupima mitishamba ya malaria kwa utaratibu mmoja. Kati ya yaliyofuata, kazi ya Mali ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu walianza kule nilikotaka sisi tuanze. Hawakuanza na kisahani. Walikwenda kwenye mamia ya kaya wakauliza: mtoto alipougua mara ya mwisho mlimpa nini, mliitengenezaje, akawaje? Mmea mmoja ukajitokeza, Argemone mexicana, ule wenye miiba na maua ya njano unaoota hata kwetu kando ya barabara. Wakaupima kwa wagonjwa 80 kutafuta kiasi kinachofaa, ukichemshwa kama waganga walivyouchemsha, kisha wakaulinganisha na dawa mseto. Matokeo ya 2010 yalikuwa kwamba wagonjwa 89 katika 100 waliokunywa mmea hawakuhitaji dawa nyingine, dhidi ya 95 kwa dawa mseto. Haukuishinda, nao hawakusema uliishinda. Waliusema ulivyo, kwamba unaweza kumsogeza mgonjwa aliye mbali mpaka afikie dawa. Kwetu, kitengo kiligeuzwa taasisi kamili mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa mwaka 2002, waganga wakaanza kusajiliwa. Hayo ni mema. Lakini mjukuu wa bibi wa Muheza aliponijia, mtu mzima mwenye duka la vifaa vya baiskeli, akaniuliza mizizi ya bibi yake iliishia wapi, nilikuwa na namba ya kadi na tarehe ya kuichimba, basi. Maabara moja ya ng'ambo iliyopokea vichupa haikujibu barua ya mtu yeyote. Jina la bibi halikuwa kwenye karatasi yoyote iliyochapishwa.

Siku hizi nawaona vijana wakiuziana majani ya pakanga ya Kichina kwenye mifuko ya plastiki, wakinywa chai yake badala ya dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono jambo hilo, na mimi nakukataza, kwa sababu iliyo wazi: kiasi cha dawa ndani ya chai hakijulikani, na kiasi kidogo hakimalizi vimelea, kinavifundisha. Tayari Kagera, na ng'ambo ya mpaka Rwanda na Uganda, wamekutwa na vimelea vilivyoanza kuhimili dawa inayotokana na mmea huo. Hadithi ya klorokwini niliyoanza nayo inaweza kurudi, na ikirudi tutahitaji mti mwingine.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwako. Mtoto wako akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, atobolewe kidole, apimwe, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto aimalize. Usimjaribie mtoto jani. La pili, likizo hii nenda kwa mashangazi zako walioko Muheza na daftari. Uliza mti gani, sehemu gani, uchumwe lini, uchemshwe au ulowekwe, kiasi gani, na nani asinywe. Ondoka na tawi lenye ua au tunda, ulibane vizuri, ulipeleke kwa wataalamu wa mimea chuo kikuu walipe jina lake. Na kabla hujaandika mti hata mmoja, andika jina kamili la aliyekufundisha, na umwombe ruhusa.